Mkono Usiosikia Moto

Mtu akipata nafuu kutokana na kitu kinachomdhuru, anayemwondolea kitu hicho anamtendea wema, au anampora? Nimekaa na swali hili miaka kadhaa na sina jibu. Mama yangu, ambaye pengine angenisaidia kulijibu, hayupo tena. Hata alipokuwapo sikumuuliza, kwa sababu katika familia yetu yako mambo ambayo mtoto wa kiume hamuulizi mama yake, na mengi kati ya hayo yalihusiana na ugonjwa wake.

Mama alikuwa mkulima wa uwele na karanga katika kijiji kimoja cha Chamwino. Alipogundulika kuwa na saratani ya titi, alihamia kwangu Dodoma mjini. Nilikuwa mtoto wake pekee aliyesalia, na hospitali ilikuwa mjini. Mimi na mke wangu tulikuwa tumeachana muda si mrefu kabla ya hapo, hivyo nyumba yangu ya Nkuhungu ilikuwa na vyumba vingi kuliko watu. Madaktari waliondoa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani, kisha wakampangia dripu sita za dawa, moja kila baada ya wiki tatu.

Kazi yangu ni kufupisha taarifa. Wizara huniletea kurasa mia moja, nami nazirudisha zikiwa nne, kwa ajili ya wakubwa wasio na muda wa kusoma. Naitaja kazi hii kwa sababu tabia niliyoipata humo ilishiriki katika kosa ninalotaka kulieleza.

Katika miezi ile niligundua kwamba hakuna Mtanzania asiyejua dawa ya saratani. Mwenzangu wa ofisini aliniletea unga wa kijani katika chupa ya maji na kunieleza kwamba shemeji yake aliyekuwa mahututi sasa anacheza mpira. Jirani alituma majani ya mstafeli. Rafiki wa Kondoa alileta asali iliyochanganywa na habasoda, akaikabidhi kwa mikono miwili na dua fupi, na mama, aliyekuwa Mkristo wa kanisa la asubuhi na jioni, akaitikia amina bila kusita. Sikuwadharau watu hawa. Mtu anayeleta unga wa kijani angeweza pia kukaa nyumbani kwake.

Vyote hivyo nilivipeleka kwenye chumba cha tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu, pale hospitalini, kwa muuguzi mmoja mnene, mtulivu, mwenye desturi ya kuuliza, "Na nini kingine mnatumia? Semeni chote, hapa hakuna fimbo." Alivipanga mezani kama mtu anayechambua mchele. Tangawizi alisema inasaidia kichefuchefu, ila kidogo kidogo. Asali haina ubaya. Unga wa kijani aliuweka kando mpaka daktari auone, kwa kuwa hakuna aliyejua una nini ndani, na ini la mama lilikuwa na kazi ya kutosha. Alikuwa akirudia kwamba mambo anayofundisha yapo kwa ajili ya kuisaidia dawa, wala hayachukui nafasi yake.

Alimfundisha mama pia kupumua.

"Bibi, vuta pumzi kwa pua, ukihesabu mpaka nne."

"Mwanangu, nimepumua tangu nizaliwe bila kuhesabu," mama akasema, "na sijawahi kukosea."

"Basi leo tuhesabu, tuone kama ulikuwa unapunja."

Mama akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu upasuaji. Alihesabu mpaka nne, na baadaye nilimkuta akihesabu peke yake nyumbani, katika Kigogo, sindano ya dripu ilipokaribia. Tangawizi aliitafuna mbichi. Kichefuchefu hakikuisha, ila aliweza kula ugali wa uwele na mlenda siku mbili mapema kuliko awali. Siku mbili katika kila wiki tatu si jambo dogo kwa anayezihesabu.

Baada ya dripu ya nne, mkono wa kulia ulianza kujaa. Muuguzi alieleza kwamba majimaji ya mwili yaliyokuwa yakipitia kwenye tezi za kwapani yamekosa njia, na kwamba ipo namna ya kuyaonyesha njia nyingine kwa mikono. Alivuta pazia, akamfanyia mama nyuma yake, mimi nikiwa nimekaa nikitazama kitambaa cha bluu. Kisha akatoka.

"Nyumbani anayemhudumia ni nani?"

"Mimi."

"Hakuna binti? Dada? Mkwe?"

"Kuna mama mdogo, kijijini."

"Basi jifunze wewe, umfundishe yeye."

Akanifundisha juu ya mkono na shingo yangu mwenyewe. Kazi hiyo, nilishangaa kujua, haianzii kwenye mkono. Inaanzia shingoni, inakwenda kwenye kwapa la upande ule mwingine, ulio mzima, inavuka kifuani, ndipo inapanda begani na kushuka kwenye mkono, na kila mpapaso unaelekezwa kuelekea mwilini. Nguvu inayotumika ni ndogo kiasi kwamba ngozi inasogea lakini nyama iliyo chini yake haibonyezwi. Kisha akanipa onyo, akiniangalia usoni. Nisitumie nguvu. Nisitumie maji ya moto hata kidogo, kwa sababu sehemu ya ndani ya mkono, kuanzia juu ya kiwiko hadi kwapani, ilikuwa haisikii vizuri tangu upasuaji. "Anaweza kuungua asijue," alisema. Niliandika yote katika daftari, ukurasa mmoja na nusu, pamoja na mchoro wenye mishale. Yalikuwa maandishi safi.

Mama mdogo alifika Jumamosi, akiwa na mfuko wa karanga na chupa ya samli. Yeye ndiye mdogo wake mama wa kumfuata, na kijijini alijulikana kwa mikono yake. Alikuwa amezalisha wanawake wengi, na aliowazalisha aliwakanda. Kwetu mwanamke akijifungua hukandwa kwa siku nyingi: maji yanatolewa jikoni yakiwa karibu kuchemka, kitambaa kinachovywa, kinakamuliwa na kugandamizwa mwilini, kisha samli, kisha vidole vinavyotafuta kila palipoganda. Kipimo cha moto ni sauti ya anayekandwa. Akipiga kelele, maji yanapozwa. Akinyamaza, yanaongezwa moto, maana mwili umezoea na sasa unaweza kupokea zaidi. Mkandaji hodari anaisikiliza sauti hiyo jinsi mpishi anavyoonja chumvi.

"Mbukwa, baba," alinisalimu kwa Kigogo mlangoni. Ameniita baba tangu utotoni.

"Mbukwa, mama mdogo. Shikamoo."

"Marahaba. Umekonda. Nyumba haina mwanamke, hata mende wamehama."

Nilikuwa na daftari mkononi. Nilikusudia kumsomea. Lakini kusoma kulimaanisha kutamka, mbele ya dada wa mama yangu, neno kifua na neno kwapa, kwapa na kifua vya mama. Kwetu mwanamume mzima hamzungumzii mama yake kuanzia shingoni kwenda chini, na mimi, pamoja na shahada zangu mbili, sikuwa nimewahi kuvuka mpaka huo. Nikafanya nilichozoea kufanya. Nikafupisha.

"Hospitali wamesema mkono usaidiwe kwa mikono," nilimwambia. "Taratibu. Kila siku."

"Mkono?" Akatabasamu. "Hapo umemwita mwenyewe."

Nikaliweka daftari kwenye kabati.

Kuanzia jioni hiyo, kabla jua halijazama, sufuria ilibandikwa jikoni, na mama mdogo akaingia nayo chumbani na kufunga mlango. Nilikaa sebuleni, nikifanya kazi za ofisi, na niliwasikia. Walizungumza Kigogo cha kwao, cha haraka, ambacho mimi niliyesomea shule ya bweni naelewa nusu yake. Walisengenya watu waliokwisha kufa. Maji yalimwagika, kitambaa kikakamuliwa.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Niongeze?"

"Ongeza."

Sikusikia kelele hata siku moja, na hilo lilinifurahisha. Niliuchukulia ukimya ule kama dalili njema, sawasawa na alivyouchukulia mama mdogo. Mama alitoka amechangamka, akala, akalala kuanzia magharibi mpaka alfajiri, jambo ambalo vidonge havikuwa vimemwezesha. Asubuhi alimtania mdogo wake kwa kukoroma. Niliona nyumba yangu ina mpangilio. Mkono wenyewe sikuuona. Mama alivaa blauzi ya mikono mirefu na kuzungusha khanga begani, na mimi, kwa heshima ile ile, sikumwomba anionyeshe.

Wiki ya tatu tangu mama mdogo aje, siku chache kabla ya dripu ya sita, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, tulikwenda kupima damu. Muuguzi alimwomba mama atoe khanga na kukunja mkono wa blauzi. Mkono wa blauzi haukukunjika. Ilibidi wafungue vifungo vyote, na safari hii hakuna aliyekumbuka kuvuta pazia. Mkono ulikuwa umejaa kutoka begani hadi vidoleni, ngozi imetanuka na kung'aa, na upande wa ndani palikuwa na mabaka mekundu yenye ukubwa wa kiganja. Muuguzi alibonyeza kidogo kwa kidole, na shimo la kidole likabaki.

Daktari aliitwa. Aligusa, akapima joto, akauliza maswali machache. Homa hakuna, alisema, na ngozi haijapasuka. Mabaka yalikuwa ya moto na yangepoa. Lakini ngozi hiyo ikipasuka wadudu wataingia, na wakiingia dripu ya sita haitawekwa. Itabidi kusubiri, na hakusema kusubiri mpaka lini. Alipoondoka, muuguzi akanigeukia.

"Kaka, mimi nilikufundisha nini?"

Nikampa daftari. Sijui kwa nini nilikuwa nimelibeba siku hiyo. Alisoma ukurasa na nusu wote, akaufuata mchoro kwa ncha ya kalamu.

"Umeandika vizuri sana," alisema. "Nani amesoma?"

Akanirudishia, akasema upapasaji uanze upya kesho yake, mwepesi, mabaka yasiguswe mpaka yapotee. Hakunigombeza. Ningependelea anigombeze.

Katika bajaji ya kurudi nyumbani, mama alizungumza kabla yangu.

"Usimwambie."

"Mama, amekuunguza."

"Hakuniunguza. Sikuungua, mimi ndiye mwenye mkono. Ukimwambia ataona aibu, na akiona aibu atapanda gari la Chamwino leo leo." Tukavuka reli. "Na akiondoka nitalalaje? Anapobonyeza ndipo ninapojua kwamba mkono huu bado ni wangu. Siku nyingine zote ni kama nimebeba mkono wa mtu."

Hayo ndiyo maneno yanayonirudisha kwenye swali langu. Wakati ule sikuyatafakari. Nilikuwa nikifikiria dripu moja iliyobaki.

Mama mdogo tulimkuta uani, akibangua karanga ndani ya ungo. Mama alipita moja kwa moja chumbani kwake, akaacha mlango wazi kidogo. Nilivuta kigoda, nikafungua daftari, nikasoma. Nilisoma kila kitu, shingo, kwapa, kifua, bega, maji ya moto, kwa sauti ile ninayoitumia kusomea kumbukumbu za vikao. Nilipofika mahali penye onyo, mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Hausikii?"

"Hausikii. Juu ya kiwiko mpaka ndani kabisa. Walikata mishipa ya fahamu walipotoa tezi."

"Kwa hiyo aliponyamaza…"

"Hakuwa amezoea. Alikuwa hasikii."

Nilitazamia alie, au akasirike, au atafute mfuko wake. Aliuweka ungo chini, akaingia chumbani, na nikamsikia akisema kitu kimoja kifupi kwa Kigogo na mama akijibu kifupi vilevile. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa mtu wa kazi aliyeletewa chombo kibovu bila kuambiwa kwamba ni kibovu.

"Miaka yote hii najua mwanamke akinyamaza ana nini. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu."

"Aibu!" Akageuka kama anayezungumza na uzio. "Huyu aliona aibu. Wewe, baba, nilikutoa tumboni mwa mama yako kwa mikono hii, uko uchi, umejaa damu, unapiga kelele kama mbuzi wa mnadani. Aibu uliiokota wapi? Chuo kikuu?"

Kutoka chumbani nilisikia kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Haya," mama mdogo akasema, akavuta kigoda karibu na kunishika mkono. "Nionyeshe huo wepesi."

Nilimwonyesha. Akajaribu juu ya mkono wangu, nikasikia hadi mfupani. Nikamwambia, mwepesi zaidi. Akajaribu tena. Nikamwambia, ngozi tu. Alijaribu mara tano au sita, akiuma ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika, na kila mara vidole vyake vilizama nyamani kutafuta palipoganda. Vilikuwa vimeota sugu kwa jembe na maji ya moto. Nadhani mguso wa kiasi kile ulikuwa chini ya kile ambacho vingeweza kuhisi.

"Huku si kumsaidia mtu, ni kumfukuza nzi," alisema mwishoni, akautupa mkono wangu pajani pangu. "Mikono yangu haijui kitu hiki. Wewe unakijua?"

"Alinifundisha."

"Basi si unakijua."

"Nyie mlioko huko," mama akaita kutoka chumbani, "mnanigawana kama nyama ya sherehe, nami bado natembea?"

Nilisimama, nikaenda hadi mlangoni kwake. Alikuwa ameketi kitandani, mkono umelazwa juu ya mito miwili kama alivyoagizwa. Nilimwambia kwamba maji ya moto yamekwisha, na kwamba kesho asubuhi, kabla sijaenda kazini, nitaufanya upapasaji mimi.

"Wewe ni mwanamume."

"Ndiyo, mama."

"Na ni mwanangu."

"Ndiyo."

"Sitaki."

Mama mdogo, aliyekuwa nyuma yangu, alisema, "Huko kukataa ni kwa leo tu," akarudi kwenye karanga zake. Jioni hiyo sufuria haikubandikwa. Walikaa chumbani mlango ukiwa wazi, wakazungumza kidogo, kisha wakaacha.

Niliamka saa kumi na mbili. Mama mdogo alikuwa tayari jikoni na uji. Mama hakuwa amelala. Aliniambia hivyo nilipomwamkia, bila kulalamika, kama anayetaja hali ya hewa. Nilimuuliza kama bado hataki. Alitazama dirishani kwa muda, kule uani kuku walikoanza kuparua.

"Ukitazama chini nitakuzaba kofi," alisema. "Kwa huu mzima."

Mama mdogo alileta khanga mbili na kuzipanga mwenyewe. Moja aliitandaza kutoka kidevuni hadi kiunoni mwa dada yake. Ya pili aliishika kwa ncha, tayari kuisogeza, ili kila mara pabaki wazi palipohitajika tu, upana wa kiganja kimoja, pasizidi. Alifanya hivyo kwa wepesi wa ajabu. Kwenye nguo vidole vyake havikuwa vizito hata kidogo. Nilinawa mikono kwa maji baridi na sabuni, nikakata kucha mbili zilizokuwa zimezidi, nikavua saa. Daftari nililiacha wazi juu ya mto, mchoro ukiwa juu.

Nilivuta kiti hadi upande wa kichwani, mahali ambapo macho yangu yangeangukia ukutani. Mama alifumba macho. Mama mdogo aliishusha khanga kidogo, kiasi cha vidole vinne. Nikaweka ncha za vidole vyangu pande mbili za shingo ya mama yangu, juu tu ya mfupa wa bega, mahali ambapo sikuwa nimemgusa tangu nilipokuwa nabebwa mgongoni, nikaisogeza ngozi kuelekea chini, nikaiachia irudi yenyewe, nikaisogeza tena.